Safari ya London na Jina Lisiloandikwa katika Shajara Yetu

Jamaa zangu wapendwa, mlioko Maskat, Dubai, London, Toronto na kwengineko.

Wengi wenu mmezoea kupata kwangu habari za nasaba: nani mwana wa nani, nani alivuka bahari mwaka gani, nani alizikwa wapi. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo katika mkondo huo, ingawa nitaurudia kabla sijaweka kalamu chini. Nataka kuzungumzia safari ya majuma mawili niliyokwenda London mwezi wa Julai uliopita pamoja na binti yangu, kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka 15, ambaye anajifunza kucheza baleti.

Naam, baleti. Naliandika neno hili waziwazi, kwa kuwa kwa miaka minne nilikwepa kulitamka. Jamaa walipouliza binti huenda wapi kila Jumatatu na Jumatano alasiri, nilijibu, "Mazoezi ya viungo." Halikuwa neno la uongo, wala halikuwa la kweli. Nimefanya kazi ya ukarani wa bandari kwa zaidi ya miaka 30, na najua vyema namna mtu anavyoweza kuandika hati isiyo na kosa hata moja na bado ikaficha jambo.

Tulipofika uwanja wa ndege, baada ya takriban saa nane za angani, afisa wa uhamiaji aliniuliza tumekuja kufanya nini. Nikajibu, "Masomo ya mtoto." Akauliza masomo gani. Nikasita. Binti yangu akatangulia, kwa sauti ya adabu lakini iliyo wazi, "Baleti. Kozi ya majuma mawili." Afisa akatabasamu, akaturuhusu kupita. Mgeni asiyetujua aliambiwa mara moja jambo ambalo ami zake na shangazi zake hawakuwahi kuambiwa nami.

Kwa mazoea ya kazi, nilichukua daftari nikalipiga mstari katikati: safu ya kushoto ya matumizi, safu ya kulia ya niliyoyaona. Siku za mwanzo safu ya kushoto ilijaa na ya kulia ikawa tupu. Kadiri siku zilivyokwenda, mambo yakageuka.

Siku za London wakati wa Julai ni ndefu mno. Jua huchwa baada ya saa tatu za usiku, na Alfajiri huingia ilhali mtu bado hajashiba usingizi. Nikishaswali sikulala tena. Nilimpikia binti yangu mayai, nikamwekea tende tulizokuja nazo kutoka nyumbani, kisha tukaingia treni ya chini ya ardhi pamoja na watu waendao kazini, kila mmoja kainamia simu yake. Mimi ndiye niliyebeba mkoba wake. Siku ya kwanza niliufungua kutafuta maji, nikastaajabu. Mlikuwa na bandeji, plasta za kila kipimo, pamba, mkasi, sindano na uzi, na jozi tatu za viatu. Nilitarajia kuona vitu vya anasa, nikaona mkoba wa muuguzi.

Jioni tulirudi chumbani, nikamtilia maji ya vuguvugu na chumvi katika beseni, akatia miguu. Vidole vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, na ukucha mmoja ulikuwa umevia damu. Miaka minne nililipa ada za mafunzo yake, na sikuwahi kuiona miguu hiyo. Nikamuuliza, "Haya yote ya nini, mwanangu?" Akanijibu kama mtu anayejibu swali jepesi, "Ndivyo inavyokuwa, Baba. Huponya."

Wazazi tuliruhusiwa kungoja ukumbini, kwenye benchi refu lililo mkabala na mlango wa kioo. Benchi lile likawa baraza letu. Palikuwa na mama mmoja Mjapani, baba mmoja kutoka Poland, na bibi mmoja Mwingereza aliyemleta mjukuu wake. Kiingereza changu ni cha kuandikia hati, na cha mama wa Kijapani kilikuwa kidogo kuliko changu, lakini tulielewana. Kwa kupitia kile kioo tuliwaona watoto wamepangana pembeni mwa ukuta, kila mmoja kashika upau wa mbao, wakikunja magoti na kuyanyoosha, wakikunja na kuyanyoosha, kwa muda ambao ungemchosha mtazamaji kabla ya mtendaji. Mwalimu alikuwa akitaja maneno ya Kifaransa, na watoto wa nchi nane au tisa wakayaitika kwa miili yao pamoja. Nilielezwa kuwa maneno hayo yameshikamana na baleti tangu mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipoanzisha chuo cha uchezaji mwaka 1661. Nikakumbuka chuo nilichosomea Unguja, tulivyokaa juu ya mkeka tukirudiarudia herufi nyuma ya mwalimu wetu hadi ulimi ukalainika. Sisemi kwamba mambo haya yana daraja moja, Allah aniepushe. Nasema kwamba subira ya mwanafunzi naijua nikiiona, na pale niliiona.

Siku ya nne binti alihitaji viatu vipya. Viatu hivyo vina habari yake. Mchezaji husimama juu ya ncha za vidole, na kinachombeba ni kifuko kigumu kilicho mbele ya kiatu. Nilidhani ndani mna mbao au chuma. Kumbe ni tabaka za nguo na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo hulainika kwa jasho na kazi, hata jozi moja ya mchezaji mkubwa huweza isimalize onyesho la usiku mmoja. Katika mtaa wa St Martin's Lane lipo duka la Freed, kampuni iliyoanza kazi hiyo London mwaka 1929. Viatu vyao hutengenezwa kwa mkono, na kila fundi hutia alama yake chini ya soli. Mchezaji humtafuta fundi wake kwa alama hiyo, pengine asiwahi kuuona uso wake maishani. Mimi niliyezeeka na mihuri na alama za magunia, jambo hilo lilinipendeza.

Lakini si alama za soli zilizonifanya nisilale usiku ule. Miezi kadhaa kabla ya safari, nilimkuta binti yangu chumbani kwake na kichupa cha rangi ya uso, ile wanayojipaka wanawake. Nilimkaripia kwa maneno makali. Mtoto mdogo na mapambo ya uso! Alinyamaza kimya, nikadhani ni kimya cha mwenye hatia. Kule dukani ndipo nilipofahamu. Viatu hivi tangu zamani hutiwa rangi ya waridi iliyofifia, ili ishabihiane na ngozi ya Mzungu, na mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi ncha ya kidole. Mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi hana budi kuvipaka viatu vyake rangi inayolingana naye, jozi baada ya jozi. Mwaka 2018 ndipo kampuni hiyo, ikishirikiana na Ballet Black, kundi la London lililoundwa mwaka 2001 kwa ajili ya wachezaji wenye asili ya Afrika na Asia, ilipotoa viatu vya rangi za kahawia.

Muuzaji alileta masanduku mawili. Binti yangu akachukua kiatu cha kahawia, akakiweka juu ya mkono wake, akakitazama kwa muda. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili yule muuzaji asisikie, "Baba, hiki hakihitaji kupakwa."

Usiku nilimwomba radhi kwa ajili ya kile kichupa. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza siku ile. Akasema, "Ningesema kwamba viatu havifanani na mimi. Na nyumbani watu wakishaanza kusema habari ya rangi yangu hawanyamazi."

Jamaa zangu, hapa ndipo ninaporejea kwenye nasaba. Mnajua wote asemalo. Binti huyu ni mweusi kuliko ndugu zake, na katika mikusanyiko yetu, tangu alipokuwa mchanga, yupo kila mara mtu wa kucheka na kuuliza, "Huyu amechukua wapi?" Mimi nami nilicheka. Na jibu nalijua, na wazee wetu walilijua. Mama yake babu yangu alikuwa suria, aliyeletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto. Serikali ya Unguja ilipofuta utumwa kwa amri ya mwaka 1897, masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Walingoja hadi mwaka 1909. Kisheria watoto wao walikuwa watoto halali wa baba zao, na ndiyo maana babu yangu yumo katika shajara yetu, na baba yake, na baba wa baba yake, hadi Oman ya ndani. Mama yake hayumo. Mahali pake pameandikwa "umm walad", basi. Nimepata kusikia majina mawili tofauti kutoka kwa wazee wawili, wote sasa marehemu. Walichokubaliana ni kimoja: alikuwa kungwi, na wari wa mtaa walipelekwa kwake kufundwa unyago na ngoma zake.

Yaani yule bibi tusiyemwandika alikuwa mwalimu wa ngoma. Na mjukuu wa mjukuu wake nilikuwa nikimwandika "mazoezi ya viungo".

Usiku huohuo nilichukua sindano. Tepe za viatu hivi hazishonwi kiwandani. Kila mchezaji hujishonea mwenyewe, mahali panapolingana na kifundo chake, kwa uzi mgumu usiokatika. Wengine hutumia hata ule uzi wa kusafishia meno. Binti alikuwa amechoka, sindano ikimteleza. Nikamwambia, "Nipe." Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hakujua kwamba baba yake anajua kushona. Baada ya 1964, katika miaka ya dhiki Unguja, mama yangu alitulisha kwa kushona kofia za viua, zile za matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi, nami nikiwa mtoto nilimsaidia usiku kwa taa ya kandili. Mkono haukusahau. Asubuhi yake nilishona jozi ya pili pale kwenye benchi. Mama wa Kijapani akasogea kuangalia mshono, akaugusa kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sifa ile ilinifurahisha kuliko cheti nilichopewa siku ya kustaafu.

Na nilipokuwa nikishona, nilimkumbuka mama yangu katika jambo jengine. Kabla ya dhiki, alikuwa mchezaji wa lelemama. Vijana wasioijua, lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wa pwani. Walijipanga safu wakiwa wamevaa sare, wakacheza kwa miondoko ya taratibu ya mikono na kichwa, huku wakiimba nyimbo za mafumbo kuwarushia wapinzani wao. Ilikuwa na vyama vyake, na viongozi wake, na mashindano ya karamu yaliyofilisi watu. Mombasa vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana hadi mji ukagawanyika. Katika safu zile alisimama binti wa Mwarabu na mjukuu wa mtumwa, na ndani ya chama kazi na sauti vilihesabika. Mama alipohamia Maskat katika miaka ya sabini, aliiacha ngoma. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Hayo tuliyaacha ng'ambo." Alipofariki tulikuta katika sanduku lake kitambaa cha sare, kimekunjwa vizuri, kina karafuu ndani yake. Kitu cha aibu hakihifadhiwi namna ile.

Nimekwishasikia wakisema baadhi yetu, "Ngoma si katika mila zetu." Kauli hiyo haisimami. Razha tunaicheza katika harusi zetu hadi leo, panga mkononi, na picha zake tunazitundika sebuleni. Serikali ya Oman iliiandikisha ngoma ya al-Bar'ah ya Dhofar katika orodha ya turathi ya UNESCO mwaka 2010, nasi tukaona fahari. Na nendeni Sur au pwani ya Batina mkaiangalie lewa. Watu huzunguka duara, zumari katikati, na katika nyimbo zake mmebaki maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji wenyewe hawayafahamu tena. Maneno yale yaliletwa na kina nani kama si watu wa yule bibi asiye na jina? Kwa hiyo tunazo ngoma nyingi. Tulichofanya ni kuhifadhi za wanaume na panga, na kuzifukia za mama zetu pamoja na majina yao.

Najua pia nitakayojibiwa, na nayaheshimu. Mtasema kwamba lelemama ilichezwa na wanawake kwa staha, na kwamba baleti ni jambo jengine, lina mavazi yake na majukwaa yake. Ni kweli. Haya ni pambo la Muislamu, mwanamume na mwanamke, wala sikuandika makala haya ili kuidharau. Mimi na binti yangu tuna mapatano. Anavaa mikono mirefu na sketi. Mwalimu wa London aliikubali mikono, ama sketi akaomba ifupishwe hadi gotini, kwa hoja kwamba asipoliona goti hawezi kujua kama linapinda vibaya na kuumia. Tulikaa watatu tukazungumza, tukafika mahali pa kuridhiana: sketi ya gotini, na soksi nzito chini yake. Atakapofika miaka 18 patakuwa na mazungumzo mengine, na sidai kwamba nimeshayapatia majibu. Sitoi fatwa, mimi ni karani mstaafu. Ninalolijua ni kwamba mapatano hayo nisingeweza kuyafanya nikiwa Maskat, nikijifanya sijui mtoto anakwenda wapi. Mzazi anayemwonea haya mtoto wake hana nafasi ya kumwekea mipaka, kwa kuwa hayupo pale mipaka inapowekwa.

Siku ya mwisho wazazi tuliitwa ndani kutazama. Hapakuwa na jukwaa wala taa, ukumbi ule ule tu, na sisi juu ya viti vya plastiki. Binti yangu alicheza pamoja na wenzake watano, kwa muda usiozidi dakika nne. Kuna mahali walisimama safu moja na miguu ikatulia kabisa, ikawa kinachosema ni mikono peke yake. Sitadai kwamba baleti na lelemama ni ndugu; kila moja ina kwao. Lakini kwa hizo dakika chache nilimwona mama yangu kama alivyokuwa kabla sijamjua kwa dhiki. Yule baba wa Kipolandi alikuwa akifuta miwani yake. Nami sikuwa na miwani ya kufuta, basi nikainama nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Tumerudi Maskat, na safu ya kulia ya daftari langu imejaa hadi ukurasa wa mwisho. Nimekwishawaambia ami zake, mmoja mmoja, kwa sauti yangu. Mmoja alikasirika, na hadi naandika haya hajanipigia simu. Mwengine alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mama yake naye alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, na kwamba hajapata kumsimulia mtu.

Wiki iliyopita niliifungua shajara yetu. Mbele ya majina ya wanaume, kwa mkono wa babu na wa baba yangu, pameandikwa kazi zao: nahodha, mwalimu, mfanyabiashara wa karafuu, karani. Mbele ya majina ya wanawake, pale walipoandikwa, hapana kitu. Nimepiga mstari mpya, nikaongeza safu. Mbele ya jina la mama yangu nimeandika: mshona kofia, mchezaji wa lelemama. Mbele ya jina la binti yangu: mwanafunzi wa baleti. Na juu ya babu yangu, pembeni mwa jina la baba yake, nimeyaandika yale majina mawili yote kwa penseli, na kando yake neno moja kwa wino: kungwi.

Naomba basi, kila mwenye kukumbuka mama yake au bibi yake alicheza ngoma gani, katika chama gani, na alivaa sare ya rangi gani, aniandikie. Na kama yupo aliyepata kusikia jina la mama yake babu yetu kutoka kwa mtu aliyemjua, anipe haraka. Penseli inafutika, na waliobaki kati ya wanaokumbuka ni wachache.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.